Chimba Matuta, Uvune Chama: Mwongozo kwa Bwana DC Anayeanza Kazi

Hongera, Bwana DC. Meli imekufikisha salama, masanduku yako yamekwisha kupandishwa bomani, na mpishi ameshajua unavyopenda mayai yako. Umekabidhiwa wilaya nzima ya Tanganyika: milima, mito, majumbe, jela, mahakama, na watu ambao ukiwaacha kama ulivyowakuta watakuamkia shikamoo, watalipa kodi huku wamenuna, kisha watarudi makwao kusengenyana wao kwa wao. Tuseme ni mwaka 1946, au 1949; haidhuru. Kazi yako, ingawa wakubwa wa London hawakuiandika kwenye barua ya uteuzi, ni kuwatoa watu hao kwenye kununa na kuwafikisha kwenye bendera yao wenyewe kabla mwaka 1961 haujaisha. Muda si mrefu, kwa hiyo fuata maelekezo.

Vifaa unavyo tayari. Unahitaji mlima wenye mteremko mkali, jembe la mkono (la mwenye shamba, wewe usinunue), kamba ya kupimia, kitabu cha stakabadhi za faini, jumbe mtiifu, na mizani iliyolegea. Wanasiasa hawahitajiki katika hatua hii. Wako wanaodhani kwamba uhuru wa Tanganyika ulianza siku Mwalimu Nyerere alipopanda jukwaani. Nyerere alikuta watu wamekwisha kukasirika. Waliowakasirisha walikuwa mabwana shamba na mabwana mifugo, na kazi hiyo waliifanya kwa mshahara wa serikali.

Wenyeji wako wana methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ijifunze vizuri, halafu igeuze. Siku ya tatu mgeni ndiye anayempa mwenyeji jembe, anamwonyesha pa kulima, kisha anakaa kivulini kuhesabu.

Anza na tatizo la kweli. Hapa ndipo wengi wanaoanza kazi hukosea: hudhani kwamba ili kumuudhi mtu sharti umzulie jambo. Uzushi mtu huucheka akaenda zake. Lakini udongo wa milima ya Uluguru ulikuwa unamomonyoka kweli. Mvua ikipiga, maji ya mito ya Ruvu na Ngerengere hutelemka yakiwa mekundu, na huko chini kuna mashamba ya mkonge na mji wa Dar es Salaam vinavyoyangojea. Basi una haki, una ripoti ya mtaalamu, na una picha za makorongo. Kilichobaki ni kupata jibu moja litakalotumika kila mahali, juu ya kila mteremko na kila aina ya udongo. Jibu hilo ni matuta ya ngazi.

Siku ya kazi kamba hunyooshwa kukata mteremko, watu wakajipanga, wakaanza kuchimba upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini mpaka itokee ngazi bapa. Simama karibu utazame, maana darasa lote liko hapa. Udongo mweusi wa juu, ule mwembamba unaolisha mimea, unafukiwa. Udongo mwekundu wa ndani, ambao haujawahi kulisha hata kunde, unatokea juu na kupigwa jua. Mahindi yatakayopandwa pale yatatoka mafupi na ya manjano. Mama mwenye shamba (kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama) atayaona kabla yako, kwa sababu yeye anakaa pale na wewe unapita. Atasema. Utamwambia asubiri miaka michache. Atauliza watoto wale nini katika hiyo miaka michache. Hapo usijibu, tazama saa, panda gari, mwachie jumbe.

Ukichunguza umefanya nini utajivunia. Umemfanyisha mtu kazi bila malipo, kwenye shamba lake mwenyewe, ili avune kidogo kuliko mwaka jana. Na akikataa, anakulipa wewe. Hakuna hotuba yoyote ya Mnazi Mmoja iliyowahi kumweleza mtu maana ya kutawaliwa kwa ufasaha huo.

Sasa, faini usiende kuitoza mwenyewe. Ukifanya hivyo utachukiwa wewe peke yako, na bwana mmoja akichukiwa huhamishwa, mambo yakapoa. Tangu Gavana Donald Cameron alipofika mwaka 1925 na mtindo wake wa kuwatawala watu kwa kupitia wakubwa wao wenyewe, una majumbe, watemi, mamangi na maliwali chungu nzima. Jumbe mpe amri ya matuta, mpe mahakama ya kuisimamia, na mshahara wake uutoe wewe. Jana alikuwa mzee wa kusuluhisha mirathi na ugomvi wa mipaka. Leo anazunguka na daftari akihesabu hatua za ngazi kwenye shamba la shangazi yake. Baada ya misimu michache utakuwa umepata faida mbili kwa mshahara mmoja. Watu wamemchoka jumbe, na wakati huohuo hawana tena mzee wa kumpelekea malalamiko. Malalamiko hayakai bila pa kwenda. Nafasi ya katibu wa tawi la chama umeshaifungua, bado kumpata tu mwenye kuijaza.

Uluguru hesabu ilikamilika Julai 1955, huko Matombo. Watu walikusanyika kwa wingi kuyakataa matuta, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mradi ukaachwa. Miaka mitano hivi ya kuwaelimisha wakulima ikaishia mchana mmoja, na chama cha TANU, kilichokuwa na mwaka mmoja tu tangu kuzaliwa, kikapata mlima mzima wa watu wasiohitaji kuelezwa lolote. Serikali ilisema wachochezi walitoka mjini. Sema hivyo nawe. Ni desturi, na inakuepusha kusoma tena ile ripoti ya udongo.

Ukiwa na muda, pitia kidogo faili za Wajerumani. Wao waliwalazimisha watu kulima pamba kwenye shamba la jumbe kule kusini, na mwaka 1905 watu wa Matumbi walianza vita kwa kung'oa miche ya pamba. Baada ya vita hivyo vya Majimaji, na njaa iliyoletwa kwa makusudi ya kuwamaliza waliobaki, wazee wa kusini walijua gharama ya kupigana na bunduki kwa maji ya mganga Kinjikitile. Ndiyo sababu watoto na wajukuu wao walipodai safari ya pili walishika kadi za chama badala ya mikuki. Wajerumani walikosea kwa ukatili. Wewe utarudia jambo lilelile kwa nia njema na kwa barua zilizopigwa taipu, na nia njema ina sifa moja kubwa: haioni haya.

Kuhusu kutoona haya, hakikisha kwamba anayemfundisha mkulima kulima ameshindwa kulima mwenyewe, tena hadharani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, iliamua kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo, Nachingwea, zaidi ya ekari milioni 3 kwenye karatasi. Walileta matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu ya Kongwa iliyatazama tu. Udongo ulipopata jua ukakakamaa hata majembe ya chuma yakapinda, na mvua, ambayo Mgogo yeyote angewaeleza habari zake bila kuomba hata posho, haikuja kama ilivyoandikwa. Mwaka 1951 hesabu ilifungwa: pauni milioni 36 zimekwenda, karanga hazipo. Baada ya hapo, bila kupumzika, wataalamu wa serikali hiyohiyo wakaendelea kupanda milimani kumwonyesha bibi wa Kiluguru namna ya kushika jembe. Mimi nimesoma vichekesho vingi, lakini sijaona kinachofikia hicho kwa utulivu wake.

Usukuma kuna ng'ombe na kuna pamba, kwa hiyo kazi ni mara mbili. Mpango mkubwa wa maendeleo ulianza huko mwaka 1947, na kila amri ndani yake ilikuwa na sababu nzuri. Ng'oa mabua ya pamba uyachome kabla ya tarehe fulani, kwa kuwa yanabakiza wadudu. Panda muhogo, kwa kuwa ni akiba ya njaa. Lima matuta. Punguza ng'ombe, kwa kuwa majani hayatoshi. Mtu akiletewa amri moja, akakaa nayo, akaizoea, huenda akaikubali. Wengine wangeshukuru hata. Kwa hiyo usizilete moja moja. Zilete kwa mkupuo, kila moja na faini yake, na ile ya ng'ombe iseme kwa sauti kubwa kuliko zote. Msukuma anayeambiwa apunguze ng'ombe anasikia unamwambia apunguze mahari ya mwanawe, akiba yake ya ukame, na heshima yake kwenye kikao cha wazee. Wewe umesema "mifugo" tu.

Kisha mwache mkononi mwa mnunuzi wa pamba. Mkulima amepalilia, amechuma, amechambua, amefunga gunia, amelibeba kichwani au kwa baiskeli mpaka gulioni. Gunia linapanda juu ya mizani. Mnunuzi anaisoma upande wake, anataja uzito kwa haraka, karani anaandika, mwingine aje. Mkulima anajua gunia lake lina uzito gani, shingo yake imemwambia njia nzima, lakini shingo haikubaliwi kama ushahidi. Wewe, Bwana DC, uko hapohapo gulioni. Unakagua kama mabua yamechomwa.

Hilo lilimzaa Paul Bomani, kiongozi wa wakulima wa pamba, na wenzake. Walianza na jambo dogo: kuweka watu wao wenyewe wa kuangalia mizani. Kutoka hapo vikaja vyama vya wakulima, muungano wa wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na kufikia 1955 shirikisho zima la ushirika wa pamba, lile la Victoria. Mtu aliyekwenda kusoma mizani akajifunza kuitisha mkutano, kuandika kumbukumbu, kuchagua mwenyekiti na kumwondoa. Wewe uliiona hatari upande mwingine. Ukaikataza TANU isifungue matawi Usukuma kuanzia 1954, ukaendelea kuikataza mpaka 1958, huku ushirika ukiuachia mlango wazi kwa sababu ni mambo ya biashara. Hapa huhitaji mwongozo tena. Una kipaji.

Ardhi ya watu ni sura ya pekee. Makosa mengine ya mwongozo huu huchukua miaka kuiva. Hili huiva kwa wiki. Mwaka 1951 serikali ilitaka ukanda wa ardhi kaskazini ya Mlima Meru kwa ajili ya ufugaji wa walowezi. Kwenye ramani ukanda ulipendeza sana, mashamba 13 yaliyopangika. Kasoro yake ilikuwa watu wapatao 3,000 wa Engare Nanyuki, ambao kwenye ramani hawakuonekana vizuri. Novemba mwaka huo wakaondolewa. Nyumba zikachomwa moto, ng'ombe wakaswagwa kwenda Kingori, kwenye sehemu wasiyoitaka wao wala mifugo yao. Fidia iliandaliwa kwa utaratibu mzuri, na wengi waliikataa, jambo lililowashangaza sana maofisa: pesa ipo mezani, sahihi ni kidole gumba tu.

Kama ungekuwa katika koloni jirani, Kenya kwa mfano, habari ingeishia kwa polisi. Lakini ulisahau kwamba Tanganyika si mali yako hasa. Mjerumani alinyang'anywa baada ya vita ya kwanza, wewe ukapewa uitunze, na tangu 1946 mwenye kukukagua ni Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Wajumbe wake wanakuja kutembelea kila baada ya miaka mitatu, na mwananchi yeyote anaweza kuwaandikia. Wameru wakachanga. Walichanga shilingi kwa shilingi mpaka ikatosha kumpeleka kijana wao, Kirilo Japhet, New York mwaka 1952, pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Kirilo Japhet akasimama mbele ya baraza akazungumza Kiswahili. Hebu jipe dakika moja ya kuliona hilo. Wawakilishi wa Uingereza, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiwaelezea Wameru kwa niaba ya Wameru, wameketi wakisubiri tafsiri.

Azimio halikupata theluthi mbili katika Baraza Kuu, na Wameru hawakurudishiwa ardhi yao kwa kura ile. Mwanafunzi mvivu atafunga daftari hapo akidhani serikali imeshinda. Kirilo Japhet alirudi nyumbani na kuzunguka akisimulia. Mkulima wa pamba, mwenye ng'ombe, mwenye matuta, kila mmoja alikuwa akidhani dhiki yake ni ya wilaya yake na DC wake. Sasa akasikia kwamba kuna mahali ulimwenguni ambapo DC naye huulizwa maswali. Ardhi iliyochukuliwa ilikuwa ya Wameru. Habari ilikuwa ya kila mtu.

Bado tatizo moja: dhiki zote hizi zimetawanyika. Waluguru hawawajui Wasukuma, na Tanganyika ni kubwa. Kuziunganisha kunahitaji chama, na chama kilichopo ni dhaifu mno kwa kazi hii. Tangu 1929 palikuwa na African Association, baadaye TAA: makarani, walimu, matabibu wasaidizi, watu wa tai na kalamu, wenye adabu kuliko maofisa wako. Huandika barua ndefu kuulizia mishahara na nyumba za watumishi. Hao wangeweza kukushughulisha kwa barua mpaka mwaka 1990. Ndipo serikali, mwaka 1953, ikatoa waraka: mtumishi wa serikali haruhusiwi kuwa mwanachama wa chama cha siasa.

Waraka huo unastahili kuwekwa kwenye fremu. Kwa karatasi moja uliwatoa kwenye siasa watu ambao wangeogopa kupoteza pensheni, na nafasi zao ukazigawa kwa wasiokuwa na pensheni ya kupoteza: madereva wa malori, wachuuzi wa sokoni, wakulima, wauza samaki. Dereva hulala Morogoro leo, kesho Iringa, kesho kutwa Mbeya, na kila anapolala anaongea. TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, watumishi wa serikali walibaki nje kwa amri yako, na chama kikalazimika kuwa cha watu. Kisha ukamfuata Nyerere, mwalimu wa Pugu, kijana mwenye shahada ya Edinburgh, ambaye bado alikuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi jioni, akaambiwa achague kati ya chaki na siasa. Machi 1955, akiwa ametoka New York kuzungumza mbele ya baraza lilelile la Kirilo Japhet, akachagua. Mpaka siku hiyo alikuwa mwanasiasa wa wikiendi.

Wanawake usiwahesabu. Faili zako za usalama zijae majina ya wanaume wenye koti, na askari kanzu wako ahudhurie kila mkutano wa hadhara akiandika kila neno. Asihudhurie ngoma. Wanawake wa Dar es Salaam wana vikundi vyao vya lelemama na bomba, vyenye viongozi, wahazini, sare na mitandao ya kualikana inayofika mpaka Bagamoyo, na mikutano yao haihitaji kibali cha polisi kwa sababu ni arusi. Mwimbaji mmoja wa bomba, Bibi Titi Mohamed, alipopewa mwaka 1955 kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, hakuanza na ilani. Alipita kwa viongozi wa ngoma. Katika miezi michache wanawake walikuwa wamekata kadi kwa maelfu, wengine kabla ya waume zao, ambao baadhi yao, utakumbuka, ulikuwa umewakataza kwa waraka.

Ukifika hapo watu wataanza kudai kura, nawe utawajibu kwa hesabu. Katika Baraza la Kutunga Sheria la 1955 viti vya wawakilishi viligawanywa kwa usawa kamili: Waafrika, zaidi ya milioni 8, viti 10, Waasia, laki moja hivi ukiwajumlisha na Waarabu, viti 10, Wazungu, elfu 20 na kidogo, viti 10. Usawa huo uliitwa mseto wa rangi, na ulipendwa sana na waliokuwa elfu 20. Uhubiri popote. Geita, ambako Mzungu ni mtu wa kuonyeshwa watoto, mwaka 1958 serikali ililazimisha halmashauri ya mseto. Watu kwa maelfu wakaandamana mpaka Mwanza, wakapigwa mabomu ya machozi, na halmashauri ikafa. Ongeza na chama chako mwenyewe, kama UTP iliyoundwa 1956 kwa baraka za Gavana Twining, na uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, la sivyo kura yake imeharibika.

Mtego huu wa mwisho ulikuwa mzuri, nakiri. Nusura uwanase. Mkutano wa Tabora, Januari 1958, ulikaribia kuivunja TANU, maana wengi waliona kuingia kwenye kura tatu ni kukubali matusi, na mmoja wao, Zuberi Mtemvu, akatoka akaunda chama chake. Nyerere akawashawishi waliobaki waingie, na TANU ikatafuta Waasia na Wazungu wake wa kuwaunga mkono. Uchaguzi ulipokwisha, Septemba 1958 na Februari 1959, viti vyote vitatu vya kila jimbo vilikuwa vimekwenda upande mmoja. Ulikuwa umewasimamishia wapinzani wako mseto wa rangi ambao wewe mwenyewe hukuweza kuujenga.

Marufuku na kesi ni viungo vya mwisho. Vitie kwa kipimo. Mzuie kiongozi kuhutubia, kama Nyerere alivyozuiwa 1957, ili watu waje kwa wingi zaidi akiruhusiwa. Mshitaki kwa maneno aliyoandika, kama alivyoshitakiwa 1958 kwa makala ya Sauti ya TANU juu ya wakuu wa wilaya wawili, mahakama izingirwe na watu, wakili D. N. Pritt aletwe kutoka London, na hukumu iwe faini ya shilingi 3,000 au miezi 6 jela. Watu wako wamekwisha kulipa faini za matuta, za mabua, za ng'ombe. Kumwona kiongozi wao naye anatozwa faini kunawahakikishia kwamba ni mmoja wao. Kenya walizidisha kipimo. Walimkamata Kenyatta Oktoba 1952, wakamfunga miaka 7, wakidhani ndiye mzizi wa Mau Mau, na msitu ukajaa wapiganaji kuliko kabla. Wao nao walifika kwenye uhuru, 1963, ila kwa njia yenye makaburi mengi. Sipendekezi.

Gavana wako kwa sehemu kubwa ya wakati huu, Edward Twining, alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpenda sherehe, na mtaalamu wa kweli wa mataji ya wafalme. Kitabu chake juu ya vito vya kifalme vya Ulaya, kilichotoka 1960, ni kazi nzito. Mwaka 1958 alistaafu akapewa ulodi, na jina la Tanganyika likatiwa ndani ya cheo chake. Aliyemrithi, Richard Turnbull, alikuwa ametoka Kenya na alikuwa ameshayaona yanayopatikana huko. Akaketi na Nyerere wakaongea. Uchaguzi wa 1960 TANU ikachukua viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 ukapanda meli, Bwana DC, siku ishirini na ushee kabla ya muda uliopewa.

Usidhani ujuzi wako ulipotea. Walioachiwa boma waligundua mapema kwamba watu walikuwa wameelewa uhuru kwa ukamilifu mno: hakuna kodi, hakuna josho, hakuna matuta. Kaulimbiu ikawa Uhuru na Kazi, na viongozi waliokuwa jana wakishangiliwa wakalazimika kurudi vijijini kueleza nusu ya pili. Mamlaka ya machifu yalifutwa 1963; sheria ndogo za ekari hazikufutwa pamoja nayo. Halmashauri za wilaya zikazitunga upya, kila kaya na ekari zake za pamba au muhogo na faini kwa asiyetimiza, na miaka ya 1974 na 1975 kampeni iliitwa, bila mzaha wowote, Kilimo cha Kufa na Kupona. Kwa hiyo ukistaafu huko Surrey, ukaletewa barua inayoomba ushauri juu ya namna ya kuwahimiza wakulima wa milimani, kabla ya kujibu tazama stempu. Yule Malkia hayumo tena.